Ulemavu wa akili: nani anachora mstari, na anauchora wapi?

Chukua mfano huu. Kijana wa miaka 14 anapeleka ng'ombe malishoni asubuhi na kuwarudisha jioni bila kupoteza hata mmoja. Akitumwa vitu viwili dukani, analeta viwili. Akitumwa vinne, anasahau. Shuleni yuko darasa la tatu kwa mwaka wa tatu sasa, na kusoma bado. Mwalimu anasema ana ulemavu wa akili. Bibi yake anasema mjukuu wangu hana lolote, ni mzito wa masomo tu. Anakuja mtaalamu kutoka wilayani, anampa mtihani wa saa moja na kuandika namba kwenye karatasi: 68.

Nani yuko sahihi kati ya hao watatu? Jibu linategemea ulemavu wa akili umeelezwaje. Na maelezo hayo, msikilizaji, hayakushuka kutoka mbinguni. Yameandikwa na watu, yakafutwa, yakaandikwa tena, na kila yalipobadilika kuna watu waliopata shule na wengine waliofungiwa, kuna waliofanyiwa upasuaji bila ridhaa yao na kuna waliookolewa na kitanzi.

Kwanza tutenganishe mambo

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyezama katika huzuni isiyoisha, huenda ana ugonjwa wa akili. Ugonjwa huo unaweza kuanza katika umri wowote, hutibiwa, na wengi hupata nafuu. Ulemavu wa akili huanza utotoni wakati ubongo bado unakua, na hauji na kuondoka kama homa. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo ndipo wengi wanapokosa matibabu: dalili za ugonjwa zinaonekana, watu wanasema "ndivyo alivyo siku zote".

"Mtindio wa ubongo" nao unatuchanganya. Wapo wanaolitumia jina hilo kwa mtoto yeyote mzito wa kuelewa. Wapo wanaolitumia kwa mtoto ambaye viungo vyake vimekakamaa au havimtii kwa sababu ubongo uliumia, pengine wakati wa kuzaliwa. Hali hiyo ya pili ni tatizo la kuongoza mwili. Wengine wenye hali hiyo wana ulemavu wa akili pia, lakini wapo wengi wasioweza kutembea wala kutamka maneno vizuri, mate yanawatoka, na akili zao ni timamu kabisa. Wanakusikia unapowasema mbele yao.

Ulemavu wa akili wenyewe hauna chanzo kimoja. Kuna watoto wanaozaliwa na hali ya Down. Kuna ambao mama zao walikosa madini joto wakati wa ujauzito. Kuna waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna walioumwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Na kwa wengi chanzo hakipatikani kabisa. Damu inaweza kuonyesha hali ya Down, lakini hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu ana ulemavu wa akili na huyu hana. Inabidi watu wakae na kukubaliana juu ya mpaka, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Siku hizi wataalamu wengi wanakubaliana juu ya mafiga matatu. La kwanza, uwezo wa kujifunza, kufikiri na kutatua matatizo uko chini sana ukilinganisha na wenzake wa umri wake. La pili, ana shida ya kujimudu katika maisha ya kila siku: kuwasiliana, kujitunza, kutumia fedha, kujilinda asidanganywe. La tatu, hali hiyo ilianza kabla hajawa mtu mzima. Figa moja likikosekana, chungu hakikai. Mabishano yote utakayosoma hapa chini ni juu ya upana wa kila figa, na nani anapewa ruhusa ya kulipima.

Mtihani uliozaliwa Paris

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto ambao masomo ya kawaida hayawafai, ili wapewe msaada wa pekee. Alfred Binet, mwanasaikolojia, akishirikiana na daktari Théodore Simon, alitoa mwaka 1905 orodha ya kazi 30 zilizoanza na nyepesi kuelekea ngumu. Ya kwanza ilikuwa kufuata kwa macho kiberiti kilichowashwa. Zilizofuata zilihusu kutaja vitu kwenye picha, kurudia tarakimu, kulinganisha uzito wa vitu.

Binet alikuwa mwangalifu. Alisema akili haipimwi kama kitambaa kwa futi, na aliwapinga waliodai kwamba kiasi cha akili cha mtu hakiongezeki. Kwake mtihani ulikuwa wa kumtafuta mtoto anayehitaji msaada. Alifariki mwaka 1911, na kufikia hapo mtihani wake ulikuwa umeshavuka bahari na kupata kazi nyingine.

Aliyeuvusha ni Henry Goddard, aliyefanya kazi katika taasisi ya Vineland, jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka 1910 alipendekeza madaraja matatu kwa kufuata umri wa akili. Mtu mzima ambaye uwezo wake haufiki wa mtoto wa miaka 3 aliitwa "idiot". Wa kati ya miaka 3 na 7 aliitwa "imbecile". Kwa wale wa miaka 8 hadi 12 hakukuwa na jina, basi akalitunga kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mjinga: "moron". Leo maneno yote matatu ni matusi ya kawaida ya Kiingereza, lakini yalianza kama lugha ya hospitali. Kundi hilo la tatu ndilo lililomtia Goddard hofu zaidi, kwa sababu mtu huyo huonekani tofauti na wengine. Anaweza kulima, kufua, kuoa na kuzaa. Goddard aliamini kwamba upungufu huo unarithiwa, na kwamba watu hao wazuiwe kuzaa. Mwaka 1928 alikiri hadharani kwamba alikosea katika mengi, lakini sheria zilikuwa zimeshatungwa.

Mwaka 1916 Lewis Terman wa chuo kikuu cha Stanford aliuboresha mtihani wa Binet na kueneza alama inayojulikana dunia nzima kama IQ. Wakati huo hesabu yake ilikuwa nyepesi: umri wa akili gawanya kwa umri wa kuzaliwa, zidisha kwa 100. Mtoto wa miaka 10 anayefanya kazi za mtoto wa miaka 7 alipata 70. Siku hizi mtoto hulinganishwa na wenzake wa umri ule ule, lakini 100 imebaki kuwa alama ya katikati.

Uingereza nayo ilitunga sheria yake mwaka 1913, yenye madaraja manne. La nne lilikuwa la watu wenye upungufu wa maadili. Kwa sheria hiyo msichana aliyezaa nje ya ndoa huku akiishi kwa msaada wa serikali za mitaa angeweza kupelekwa kwenye taasisi, na wapo waliokaa huko miaka mingi. Maneno ya wakati huo yalisafiri hadi kwetu ndani ya sheria za kikoloni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania katika kifungu cha 137, na ya Kenya katika kifungu cha 146, zilipotaka kuwalinda wenye ulemavu wa akili dhidi ya dhuluma ya kingono ziliwaita kwa maneno yale yale ya daraja la kwanza na la pili la Goddard. Maneno hayo yalibaki vitabuni miongo mingi baada ya uhuru.

Kisa cha Carrie Buck

Kama unataka kujua mstari ukichorwa vibaya unafanya nini, msome Carrie Buck wa jimbo la Virginia. Alilelewa na familia isiyo yake. Akiwa na miaka 17 alibakwa na ndugu wa familia hiyo, akapata mimba. Familia ilimpeleka mahakamani, akatangazwa kuwa na upungufu wa akili, akafungiwa katika taasisi ambayo mama yake mzazi naye alikuwamo. Mtoto wake, Vivian, alipokuwa na miezi michache alitazamwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ambaye alisema kuna kitu hakiko sawa kwake. Hilo likatosha kudai kwamba ni vizazi vitatu vya upungufu: bibi, mama na mjukuu.

Virginia ilikuwa na sheria ya mwaka 1924 iliyoruhusu watu kama hao wafungwe kizazi. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Mei 1927 majaji 8 dhidi ya 1 walikubali. Carrie alifanyiwa upasuaji Oktoba mwaka huo. Mdogo wake, Doris, alifanyiwa pia, akaambiwa ni kidole tumbo. Aliolewa, akatafuta mtoto kwa miaka na miaka, na ukweli aliujua uzeeni.

Sasa angalia. Kumbukumbu za shule zilipokuja kuchunguzwa baadaye, zilionyesha kwamba Carrie alikuwa mwanafunzi wa kawaida hadi alipotolewa shule. Vivian, yule "kizazi cha tatu", aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya heshima ya shule yake kabla ya kufariki akiwa na miaka 8. Katika familia ile kulikuwa na umaskini na msichana aliyedhulumiwa. Daraja la Goddard likawafunika wote kwa jina moja.

Zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za namna hiyo katika majimbo ya Marekani. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria yake mwaka 1933, na aina ya kwanza ya watu iliyotajwa humo ni wenye upungufu wa akili wa kuzaliwa nao. Gavana wa Virginia aliomba radhi mwaka 2002. Carrie alikuwa amefariki mwaka 1983.

Mstari unaohama

Baada ya vita wataalamu walianza kuona kwamba namba peke yake haitoshi. Katika taasisi ile ile ya Vineland mtaalamu mwingine, Edgar Doll, alikuwa ameshaandaa mwaka 1935 kipimo cha maisha ya kawaida: anavaa mwenyewe? Anakwenda sokoni mwenyewe? Anaaminika kuachiwa nyumba? Figa la pili lilianza hapo.

Chama cha wataalamu wa fani hii cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1876, ndicho kimekuwa kikitoa maelezo yanayofuatwa na wengi. Mwongozo wake wa mwaka 1961 uliweka mpaka karibu na IQ 85. Mwaka 1973 mpaka ukateremshwa hadi karibu 70. Ukiwapanga watu 100 kwa alama zao, kama 16 wako chini ya 85, lakini kama 2 tu wako chini ya 70. Ni kweli kwamba mwongozo wa 1961 ulidai pia mtu awe na shida ya kujimudu, hivyo si wote 16 waliohesabiwa. Hata hivyo mtu mwenye alama 78 aliyelala akiwa na uwezekano wa kuitwa mwenye ulemavu aliamka hana, na hakuna kilichobadilika kichwani mwake. Kwa wengine ilikuwa ahueni. Kwa wengine ilikuwa kupoteza mwalimu wa pekee waliyemhitaji.

Na namba yenyewe haitulii. James Flynn, mtafiti wa New Zealand, alionyesha kwamba katika nchi nyingi alama za mitihani hii zilikuwa zikipanda kwa takriban pointi 3 kila miaka 10. Kwa hiyo mtihani wa zamani humpa mtu alama kubwa kuliko anayostahili. Mtihani ukisahihishwa upya, watoto wengi zaidi huanguka chini ya 70 bila wao kubadilika. Ukisikia shule imepata ghafla wanafunzi wengi wenye ulemavu wa akili, uliza kwanza kama wamebadilisha mtihani.

Umri nao unabishaniwa. Kwa miaka mingi ilisemwa hali lazima iwe imeanza kabla ya miaka 18. Mwaka 2021 chama hicho kilisogeza hadi 22, kikieleza kwamba ubongo unaendelea kukua baada ya 18. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2013, hawakutaja mwaka wowote. Wanasema tu "katika kipindi cha ukuaji".

Mabadiliko ninayoyaona makubwa zaidi ni ya mwaka 1992. Chama kile kiliacha kuwapanga watu kwa madaraja ya upungufu na kuanza kuuliza anahitaji msaada kiasi gani: wa mara moja moja, wa muda, wa sehemu nyingi za maisha, au wa wakati wote? Wapinzani walisema wahasibu wa serikali hawawezi kupanga bajeti kwa maswali hayo. Lakini mzazi anaelewa mara moja, kwa sababu ndicho anachokifanya nyumbani kila siku.

Pointi moja mbele ya kifo

Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili asinyongwe, kwa hukumu yoyote. Ghafla wanasheria wakawa wanabishana juu ya pointi za mtihani kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

Jimbo la Florida lilisema 70 ni 70. Freddie Lee Hall alileta alama ya 71, na jimbo likasema hana ulemavu, auawe. Mwaka 2014 majaji 5 dhidi ya 4 waliikataa sheria hiyo. Hoja yao ni rahisi: mtihani wowote una kosa lake. Mtu akipata 71 leo, alama yake halisi inaweza kuwa 66 au 76. Kama mizani ya dukani inapotea nusu kilo huku na huku, huwezi kumfukuza mteja kwa gramu tano.

Texas ilikuwa na ajabu zaidi. Mahakama yake ya rufaa mwaka 2004 ilijitungia vigezo vyake, na katika kuvieleza ilimtaja Lennie, mtu wa hadithi katika riwaya ya John Steinbeck. Yaani kipimo cha nani aishi kilimtazama mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mwaka 2017, katika kesi ya Bobby James Moore, Mahakama Kuu ilivitupa vigezo hivyo na kusema majimbo yafuate elimu ya kitabibu, siyo picha ambayo raia wa kawaida anayo kichwani kuhusu mtu mwenye ulemavu wa akili anavyofanana.

Mtoto wa kutumwa

Turudi Afrika, kwani mitihani mingi tunayotumia iliandaliwa kwa watoto wa mbali. Miaka ya 1970 mtafiti Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia waliwashinda. Nani asiyewajua watoto wetu na magari yao ya waya? Kwa udongo wa mfinyanzi walitoka sawa. Umbo ni lile lile. Ukichagua kalamu umeshamchagua mshindi. Baadaye kikaandaliwa Zambia kipimo cha watoto wa vijijini ambacho mtoto anafinyanga mtu kwa udongo badala ya kumchora.

Serpell aliwauliza pia watu wazima wa mashariki mwa Zambia: mkipata kazi muhimu, mtamtuma mtoto yupi, na kwa nini? Katika kueleza walitumia neno lao la Kichewa, nzelu, na ndani yake mlikuwa na werevu pamoja na kuaminika, mtoto wa kutumwa. Mwerevu asiyeaminika hakuhesabiwa kuwa na akili kamili. Watafiti waliofanya kazi na Wajaluo wa Kenya walikuta jambo la jamaa hiyo: rieko, ambao ni ujuzi na maarifa, ulisimama pamoja na luoro, yaani heshima, paro, kufikiri na kujianzishia jambo, na winjo, kuelewa la kufanya. Watafiti hao waliwapima pia watoto wa Kijaluo juu ya ujuzi wa dawa za mitishamba. Waliojua dawa zaidi walielekea kufanya vibaya zaidi katika mtihani wa msamiati wa Kiingereza, labda kwa sababu muda wa mtoto ni mmoja.

Marekani yenyewe iligundua hili. Ripoti ya kamati ya rais, karibu mwaka 1970, ilizungumzia watoto waliokuwa na ulemavu kwa saa sita tu kwa siku, zile saa za shule. Wakirudi nyumbani wanalea wadogo zao, wananunua, wanapika, na hakuna anayeona ulemavu. California, watoto weusi walikuwa kama mmoja katika kila wanafunzi kumi wa jimbo, lakini walikuwa robo ya madarasa ya wenye ulemavu mdogo wa akili. Mwaka 1979 jaji alipiga marufuku kutumia mitihani ya IQ kuwapeleka huko.

Lakini hoja hii ina upande wa pili, na si haki kuuficha. Mtu akisema "ulemavu wa akili ni jambo la kizungu, kijijini kwetu haupo", anamkosea mama mwenye mtoto wa miaka 9 asiyeweza kwenda haja mwenyewe. Pale kwenye ulemavu mkubwa hakuna jamii inayobisha. Bibi, mwalimu na daktari wanaona kitu kimoja. Ubishi uko kwenye ukingo wa juu, kwa watu wa aina ya yule kijana wetu mwenye 68. Na hata yeye, maisha ya kijiji yakibadilika, mahitaji yake yanabadilika. Anayemudu ng'ombe anaweza kushindwa na namba ya siri ya simu, mkopo wa mtandaoni, au tapeli anayejifanya wakala.

Ugonjwa au ulemavu?

Shirika la Afya Duniani lina orodha yake ya magonjwa. Toleo la kumi lilipanga kwa IQ: ulemavu mdogo 50 hadi 69, wa kati 35 hadi 49, mkubwa 20 hadi 34, mkubwa kabisa chini ya 20. Toleo la kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lilibadilisha jina na kuita hali hii matatizo ya ukuaji wa akili. Lilibaki na madaraja manne, lakini likaongeza jambo ambalo kwetu lina uzito: majedwali ya mambo ambayo mtu wa umri fulani anaweza au hawezi kufanya, yatumike mahali ambapo hakuna mtihani unaofaa. Kwa maneno mengine, mhudumu wa afya asiye na mtihani kutoka ng'ambo anaweza kufikia uamuzi kwa kuuliza maswali na kumtazama mtu vizuri.

Jina jipya lilizua ugomvi. Wapo waliosema hii si hitilafu ya kitabibu. Ni ulemavu, yaani mtu na mazingira yake havijaoana, na ukiita ugonjwa utawafanya watu watafute dawa. Tunajua familia zinazouza mbuzi na shamba kwa kuahidiwa tiba ambayo haipo. Wengine walijibu: ukiitoa kwenye orodha ya madaktari, wizara za afya zitasema haituhusu, na watoto hawa wanaumwa kifafa, moyo na masikio kuliko wenzao. Mimi naona pande zote zina sababu, na pengine ndiyo maana vitabu vingine vimeandika majina yote mawili kwa pamoja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, ulikwepa mtego huu. Hautoi maelezo yaliyofungwa. Unasema ulemavu hutokea pale upungufu wa mtu unapokutana na vizuizi vya jamii. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Na majina? Yamekuwa yakichakaa kama kanga. Neno la Kiingereza lililochukua nafasi ya yale matatu ya Goddard nalo likageuka tusi, hadi Marekani ikatunga sheria mwaka 2010, kwa jina la msichana Rosa wa Maryland, kuliondoa katika sheria za taifa za afya, elimu na kazi. Kwetu tulikuwa na punguani, lililobeba kupungua ndani yake, tukawa na zezeta na taahira. Wenye ulemavu wenyewe walioanza kujiunga Oregon mwaka 1974 walisema waitwe watu kwanza. Kwa Kiswahili hilo ni rahisi: mtu mwenye ulemavu wa akili. Lakini jina zuri halizuii watoto kulitumia kutukanana njiani.

Mtoto wako akipimwa

Kabla ya kipimo cha akili, masikio na macho yapimwe. Watoto wasiosikia vizuri wamewahi kupachikwa jina hili kwa sababu tu hawakujibu. Uliza mtoto anapimwa kwa lugha gani. Anayeota kwa Kigogo au Kigiriama asipimwe kwa Kiingereza. Uliza alikuwa anaumwa siku hiyo, alikuwa amekula. Kenya ina vituo vya kupima watoto kwa ajili ya elimu tangu mwaka 1984, na walimu wa elimu maalumu katika nchi zetu hufahamu mahali pa kuanzia.

Mtaalamu aliyeandika namba tu ameweka figa moja jikoni. Anapaswa pia kumuuliza anayeishi na mtoto: anavaa mwenyewe? Anajua njia ya kurudi nyumbani? Akidanganywa anagundua? Alianza kuzungumza lini? Kwa yule kijana wa 68, alama yake halisi inaweza kuwa 63 au 73, kwa hiyo jibu liko kwenye maswali hayo, na mtu anayeyajua majibu ni bibi, ambaye katika mfano wetu hakuna aliyemuuliza.

Mwisho uliza karatasi hiyo ni ya kazi gani. Ya kumpatia mwalimu, au msamaha wa ada, au kadi ya watu wenye ulemavu, ichukue na uitunze mahali pakavu. Ya kumtoa shule, uliza kwa nini, nani alisaini, na lini atapimwa tena. Mtoto aliyepimwa akiwa na miaka 6 apimwe upya akikua.